Tepu ya maji si tepu ya gesi

Dada wa Kisasa, umeuliza kama tepu nyeupe ya bomba la maji inafaa kwenye bomba la gesi la jikoni. Hapana, ni nyembamba mno. Tafuta ya njano, nzito, iliyoandikwa kuwa ni ya gesi. Safisha thredi (mistari ya kukazia kwenye ncha ya bomba), acha ya kwanza wazi ili vipande visiingie bombani, kisha zungusha mara 3 au 4 kufuata upande wa kukazia. Ukienda kinyume itajikunja na kutoka. Ukishakaza usirudishe nyuma kunyoosha kona ya bomba, tepu huachia. Silikoni sahau kabisa. Kiungio cha regyuleta na mtungi hakitaki tepu: pale kinachoziba ni mpira, ukipasuka rudisha mtungi dukani. Pima kama gesi inavuja kwa povu la sabuni, si kiberiti jamani. Mapovu yakivimba, funga mtungi, fungua kiungio, anza na tepu mpya.