Sanduku la maoni limekauka: je, niongeze zawadi?

Swali: Kampuni yetu ina wafanyakazi 60. Mwaka jana tuliweka sanduku la maoni na kuahidi zawadi ya fedha kwa wazo bora la kila robo mwaka. Mwezi wa kwanza tulipata karatasi 40. Sasa tunapata mbili au tatu, nyingi zikiwa malalamiko. Nikiongeza zawadi, watu watarudi?

Jibu: Hawatarudi kwa sababu ya zawadi. Kwanza hesabu: kati ya karatasi zile 40, ngapi zilijibiwa, na baada ya siku ngapi? Aliyeandika akakaa miezi miwili bila kusikia neno haandiki tena, na wenzake wamemwona.

Jiwekee siku 3 za kumjulisha mtu kuwa wazo lake limepokelewa, na siku 14 za kumpa uamuzi. Muda huo hautatosha kama kila karatasi inapanda hadi mezani kwako. Wazo linaloishia ndani ya kitengo kimoja, na ambalo gharama yake haizidi kiwango mtakachokipanga, liamuliwe na msimamizi wa hapo hapo. Likigusa vitengo viwili, wasimamizi wao wakae pamoja. Kwako yaje ya fedha nyingi, usalama na mikataba ya wateja tu.

Jibu baya kuliko yote ni “tutalifikiria”. Ukikataa, kataa waziwazi na utaje sababu. Mtu akiijua sababu mara nyingi hurudi na wazo lililorekebishwa.

Malalamiko usiyatupe. “Stoo inafunguliwa saa tatu, sisi tunaanza saa mbili” ni nusu ya wazo. Badala ya karatasi tupu, toa fomu ya nusu ukurasa: nini kinakwamisha kazi yako, mara ngapi kwa wiki, ungebadilisha nini, tujaribu wapi? Maswali hayo humrudisha mtu kwenye kazi anayoijua. Toyota, inayoendesha mpango wa mawazo ya wafanyakazi tangu 1951, imejengwa juu ya marekebisho madogo ya namna hiyo.

Wazo likikubaliwa, lijaribiwe sehemu moja kwa wiki 2 hadi 4, mwenye wazo akiwemo. Pimeni hali ilivyo kabla ya kuanza. Hapa wengi hukosea, kisha hubishana kama kuna nafuu au hakuna.

Zawadi moja kubwa huleta ugomvi, maana mawazo mengi huzaliwa katika mazungumzo ya watu watatu au wanne. Toa ndogo, ya kiwango kimoja, mara wazo linapoanza kutumika, na walioshiriki wote wapate. Wala usimpangie kila mtu idadi ya mawazo kwa mwezi. Utaletewa ya kujaza fomu. Wewe fuatilia mawili: asilimia ya yaliyojibiwa ndani ya siku 14, na idadi ya yanayotumika.

Kabla ya kutangaza utaratibu mpya, zijibu zile karatasi 40. Zisizo na jina, majibu yake yabandikwe kwenye ubao wa matangazo.