Utamaduni na afya ya akili chuoni: jukwaa au baraza?

SWALI

Bibi mshauri, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili katika chuo kikuu kimoja hapa Unguja, na kwetu ni Micheweni, Pemba. Serikali ya wanafunzi imenikabidhi kazi ya kupanga shughuli za utamaduni za kuwasaidia wenzetu wenye msongo wa mawazo, kwa kufuata mfano wa vyuo vya Kanada na New Zealand vinavyowahudumia hivyo wanafunzi wa jamii za wenyeji. Wenzangu wanataka wiki moja ya ngoma jukwaani. Mimi nachelea isije ikawa tamasha tu, na wazee wakadhani tunaingiza uganga chuoni. Nifanyeje?

JIBU

Marahaba, mwanangu. Katika hili mimi nipo upande wako.

Kwanza ujue huko kwenyewe jambo hili lilitokana na nini. Nchini Kanada, watoto zaidi ya 150,000 wa jamii za wenyeji walitiwa katika skuli za dahalia, wengi wao kwa kulazimishwa, na wakakatazwa hata kusema lugha za mama zao. Tume ya Ukweli na Maridhiano iliyochunguza skuli hizo ilipomaliza kazi mwaka 2015 ilitoa mapendekezo 94, na baadhi yake yaligusa vyuo vikuu. Hata kabla ya hapo, mwaka 1993, Chuo Kikuu cha British Columbia kilikuwa kimefungua nyumba ya wanafunzi wenyeji, nayo ni mahali pa kila siku, si pa wiki moja. Huko New Zealand, Mason Durie, tabibu wa maradhi ya akili wa asili ya Kimaori, aliieleza afya kuwa ni nyumba ya kuta nne, yaani mwili, akili, roho na jamaa.

Ukuta wa jamaa ndio unaolegea kwa wanafunzi wetu. Kijana aliyevuka bahari kwa mara ya kwanza, mkopo wake umechelewa na mitihani imemkabili, hurudi katika chumba cha kupanga ambamo hamna bibi wa kumuuliza mbona hakula. Tamasha halimuulizi.

Kwa hiyo ningeanza na baraza la kila wiki, baada ya sala ya alasiri, pahala pamoja pasipobadilika, akiwepo mzee mwanamke na mzee mwanamume. Wekeni bao, leteni ukili wa kusuka, wanaopenda mashairi wajibizane. Mikono ikiwa na kazi, mtu husema jambo ambalo asingelisema akikalishwa kitini na kuhojiwa. Ngoma za msewe na kidumbaki zije pia, lakini wanafunzi wafundishwe kuzipiga na kuzicheza wenyewe, wiki hata wiki. Wenzenu wa Bara nao waulizwe kwao huchezwa nini.

Rubamba na kibuki ziacheni. Ngoma za pepo zina wenyewe na masharti yake, na kuzipandisha jukwaani ni kuwavunjia heshima wenyewe na kuwatisha wasiozijua. Hofu ya wazee itapungua zaidi ikiwa mwalimu wa madrasa atakuwa mmoja wa wanabaraza tangu siku ya kupanga, badala ya kualikwa kusoma dua ya ufunguzi tu (desturi yetu hiyo ya kumkumbuka mwalimu ukumbi ukishajaa hainipendezi).

Mwanafunzi anayesikia sauti zisizokuwepo, aliyekosa usingizi siku kadhaa au anayetaja kujiua hatibiwi barazani. Huyo asiachwe peke yake. Apelekwe siku hiyo hiyo kwa mshauri nasaha wa chuo au hospitali ya maradhi ya akili ya Kidongo Chekundu, na wazee wenu waelezwe dalili hizo kabla ya kikao cha kwanza.

Fedha za kukodi jukwaa na vipaza sauti ziwe nauli na posho ya wazee hao, pamoja na nauli ya boti kwa fundi wa msewe atakayetoka Pemba.