Simulizi ya kutisha inageuka kosa la jinai wakati gani?

SWALI: Shikamoo wakili. Mimi ni kijana wa Mafinga, natunga simulizi za kutisha na kuzirusha kwenye magrupu ya WhatsApp. Anayetaka simulizi nzima analipia shilingi elfu moja. Ninayoandika sasa inahusu mfanyabiashara wa mbao anayeua vibarua wake kwa ajili ya ndagu, yaani kafara ya kupata utajiri. Nimemchora kwa kumtazama mtu anayejulikana sana hapa mjini, nikabadilisha herufi mbili tu za jina lake. Ili nieleze vizuri sumu ya sehemu ya tisa, nilinunua chupa ya dawa ya wadudu kwenye duka la pembejeo, na daftari langu lina mpango wote wa mauaji hatua kwa hatua. Juzi msomaji mmoja kanifuata inbox: "Hiyo ya sehemu ya tisa inafanya kazi kweli? Kuna mtu nataka nimalizane naye." Nikamjibu kwa emoji ya kucheka. Rafiki yangu anasema daftari hilo litanifunga. Je, sheria inaweka mstari wapi kati ya kutunga na kutenda kosa?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Rafiki yako amekutisha kwa sababu isiyo yenyewe, ila hofu yako ina msingi. Daftari ndilo jepesi kuliko yote uliyoyataja. Zito ni lile ulilolijibu kwa emoji, nalo nitalifikia.

Hakuna kifungu katika Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kinachomwadhibu mtu kwa kuwaza mauaji, kuyaota au kuyaandika kwenye daftari analolifungia sandukuni, hata kama maandishi yenyewe yangemfanya mama yako akeshe akikuombea. Jaribio la kosa limeelezwa katika kifungu cha 380 (natumia namba za Toleo la 2022). Lazima uwe na nia ya kutenda kosa, uanze kuitekeleza nia hiyo kwa njia inayoweza kuitimiza, na nia ionekane kwa tendo la wazi. Vyote vitatu kwa pamoja. Vikikutana na kinacholengwa ni uhai wa mtu, jaribio la kuua linaweza kukupa kifungo cha maisha.

Chupa ya dawa inahitaji maneno zaidi, kwa sababu kununua ni tendo na lina shahidi wake, muuza duka. Lakini tendo lisilo na nia ya uhalifu ni manunuzi tu. Kila mkulima wa nyanya kuanzia Ilula mpaka bonde la Uyole ananunua dawa hiyo hiyo. Na hata nia ikiwepo, mahakama hutenganisha maandalizi na jaribio. Mfano tunaofundishwa wote chuoni ni wa sonara mmoja wa London, mwaka 1915. Alificha vito vyake, akajifunga kamba, akapiga kelele kwamba ameporwa, lengo likiwa kudai bima. Akatiwa hatiani kwa kujaribu kujipatia fedha kwa udanganyifu, lakini rufaa ikamwachia: alikuwa bado hajapeleka dai lolote kwa watu wa bima, alikuwa anajiandaa. Uamuzi huo haufungi mahakama zetu, unashawishi tu, ila unaonyesha mstari unavyoweza kusogea mbali kuliko mtu wa mtaani anavyodhani.

Usivimbe kichwa, lakini. Kifungu hicho hicho cha 380 kinasema ukishavuka mstari, kubadili mawazo na kurudi nyuma hakufuti kosa. Kunahesabika kwenye ukubwa wa adhabu. Kinasema pia si utetezi kwamba jambo lisingewezekana kwa sababu usiyoijua, kwa mfano sumu uliyomtilia mtu ilikuwa imeharibika. Na mpelelezi akikuta chupa, mpango wa hatua kwa hatua na jina linalofanana na la jirani yako juu ya meza moja, ataviunganisha, na hapo ni kazi yake. Kinachokusimamia ni ushahidi kwamba hii ni kazi: andika jina la simulizi na namba ya sehemu juu ya kila ukurasa wa daftari, tunza zile sehemu ulizokwisha kurusha na tarehe zake. Katiba, ibara ya 13(6)(b), inakuhesabu huna hatia mpaka ithibitike vinginevyo. Mahabusu, hata hivyo, watu hulala wakiwa bado hawana hatia.

Mstari unasogea karibu zaidi pale watu wanapokuwa wawili. Kula njama ya kuua ni kosa lenye kifungo cha mpaka miaka 14, na kiini chake ni makubaliano. Maneno mnayoambiana ndiyo yanayotengeneza kosa, hata sumu ikiwa bado dukani. Hapo ndipo ndoto za giza huwachanganya hata majaji. Kesi inayotajwa sana duniani ni ya Gilberto Valle, askari polisi wa New York aliyekamatwa Oktoba 2012. Mke wake ndiye aliyegundua na kutoa taarifa: mume alikuwa akichati mtandaoni na watu 24 kuhusu kuteka wanawake, kuwaua na kuwala nyama. Wanawake wenyewe walikuwa halisi, wengine rafiki zake, na mke akiwa mmojawapo. Zaidi ya hapo, alitumia kanzidata ya polisi kutafuta taarifa za mwanamke mmoja.

Machi 2013 jopo la raia lilimtia hatiani kwa kula njama ya kuteka. Mwaka uliofuata Jaji Paul Gardephe akatengua, na Desemba 2015 mahakama ya rufaa ikakubaliana naye. Sababu zake zinakuhusu. Upande wa mashtaka wenyewe ulikiri kwamba mazungumzo na watu 21 kati ya hao 24 yalikuwa ndoto tupu. Yale matatu yaliyobaki, ukiyasoma, yanafanana na hayo 21 kwa kila kitu. Tarehe za utekaji zilipangwa, zikafika, zikapita, na hakuna aliyemuuliza mwenzake "vipi, mbona kimya?" Watu wanaopanga kweli hawaachi tarehe ipite hivyo. Mahakama ya rufaa ikasema wazi kwamba kuwaza uhalifu, hata wa kumdhuru mtu halisi unayemjua, si uhalifu.

Sasa sikiliza upande wa pili. Katika uchunguzi huo huo wa New York alipatikana mwanamume mwingine aliyechati mambo yale yale. Yeye alinunua kifaa cha kupiga shoti ya umeme, akatoka nyumbani kwenda kuonana uso kwa uso na aliyemdhania mwenzake, kumbe mpelelezi wa FBI, shirika la upelelezi la Marekani. Huyo alitiwa hatiani, mbele ya Jaji Gardephe huyo huyo. Mimi naona hapo mstari umewekwa mahali pake. Kuna mawakili wenzangu wanaosema Valle alipaswa kubaki ndani, kwa hoja kwamba askari mwenye kanzidata mkononi si mtunzi wa kawaida. Nawaelewa, lakini ukimfunga mtu kwa kile ambacho huenda angekifanya, unamwachia mpelelezi aamue nani ana sura ya muuaji. Nyanda za Juu Kusini tunajua vizuri watu wakishaamua nani ana sura ya mchawi kinachofuata.

Hilo linanileta kwa huyo mzee wa mbao. Hapa kuna mtego ambao wasomaji wa New York hawana. Sheria ya Uchawi, Sura ya 18, ipo tangu 1928, na haisubiri tendo lolote la mwili. Kudai una nguvu za uchawi ni kosa, kutishia kuzitumia ni kosa, na kumnyooshea mtu kidole kwamba ni mchawi nje ya vyombo vinavyohusika ni kosa pia. Sheria hiyo haikuwalenga watunzi, na sijasikia mtunzi aliyeshtakiwa kwayo kwa simulizi. Lakini umebadilisha herufi mbili, na Mafinga nzima inamjua mwenye mashine ya mbao unayemsema. Mwanzoni mwa 2019 Njombe ililia kwa mauaji ya watoto yaliyohusishwa na imani za kishirikina. Ni mwendo mfupi tu kutoka kwako. Neno ndagu likibandikwa kwenye jina la mtu halisi katika mazingira hayo, huenda lisiishie kwenye grupu. Kwa uchache anaweza kukufungulia madai ya kashfa. Na sehemu inayoeleza namna "atakavyokufa" ikimfikia yeye mwenyewe kwenye simu, basi umeingia eneo la kutishia kuua kwa maandishi, ambalo kifungo chake ni mpaka miaka saba. Hapo haitasaidia kusema ilikuwa sehemu ya kumi na moja. Badilisha jina zima, mpe biashara nyingine, mhamishie mji mwingine. Simulizi haitapungua chochote.

Ujue pia kwamba yapo maudhui ambayo sheria inayakataa yenyewe kama yalivyo, bila kuuliza kama ni ndoto au mpango. Picha za ngono zinazoonyesha mtoto ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 hata kama aliyeonyeshwa ni mtu mzima aliyefananishwa na mtoto. Hapo nakubaliana na sheria bila mjadala. Siyo hivyo kwa Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2020 zinazosimamiwa na TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania), ambazo zinagusa hata ukatili na umwagaji damu uliopitiliza. "Uliopitiliza" kwa kipimo cha nani? Mtunzi makini wa kutisha na mtu anayesambaza picha za maiti za ajali ya Kitonga hawafanani, lakini kanuni zinaweza kuwashika wote wawili. Ningependa zirekebishwe. Mpaka hapo, andika damu kidogo na hofu nyingi. Ni ufundi mzuri zaidi hata hivyo.

Turudi kwenye ile meseji. Wewe ulikuwa unatunga, yeye hakuwa. Amekwambia kuna mtu anataka amalize, na ameuliza njia. Ungemjibu "ndiyo, ila ongeza kipimo," na akaua, kifungu cha 22 cha Kanuni ya Adhabu kinamhesabu mshauri kama mtendaji mwenyewe, na adhabu ya mauaji ni kunyongwa. Emoji ya kucheka si ushauri. Lakini si kukataa pia, na wakili wa serikali mwenye bidii atauliza ulikuwa unacheka nini.

Kuna wajibu wa ziada ambao wengi hawaujui. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kifungu cha 7, inamtaka kila mtu anayejua kwamba mwingine amekusudia kutenda kosa lililo kwenye Kanuni ya Adhabu atoe taarifa mara moja, polisi au kwa kiongozi wa eneo. Kifungu hicho hicho kinakulinda: huwezi kushtakiwa wala kudaiwa fidia kwa sababu ya taarifa uliyoitoa kwa kutimiza wajibu huo. Upande wa pili, kifungu cha 383 cha Kanuni ya Adhabu kinamshika anayejua mwenzake amepanga kosa na asitumie njia za busara kulizuia. Inawezekana kabisa msomaji wako alikuwa anatania, kama wewe. Kupima hilo si kazi yako, na wala usijifanye mpelelezi wa kumchimba zaidi. Ukianza kumuuliza "nani, lini, wapi" mazungumzo yenu yataanza kufanana na njama.

Mjibu mara moja tu, kwa maneno kamili: simulizi ni ya kubuni, njia ile umeitunga, huwezi kumsaidia. Usifute kitu, hata ile emoji. Kisha nenda kituo cha polisi hapo Mafinga na simu yenyewe, si picha za skrini peke yake, kwa sababu ushahidi wa kielektroniki hupimwa kwa namna ulivyohifadhiwa. Beba na daftari, uwaambie mwanzo kabisa kwamba wewe ni mtunzi na chupa uliinunua kwa kazi hiyo. Ni afadhali walisikie kutoka kwako kuliko kutoka kwa muuza duka. Andikisha maelezo, yasome kabla ya kusaini, na usiondoke bila namba ya RB, ile ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi.