Bia ya watawa imenuka zizi, nimwage?

SWALI: Shikamoo Babu Kaunta. Krismasi ya mwaka juzi mpwa wangu anayesoma Ubelgiji aliniletea chupa sita za bia iitwayo Orval. Moja tuliinywa siku ileile, ilikuwa chungu na inanukia kama maua. Nyingine nikazificha juu ya kabati. Jumapili nimefungua ya pili, povu likamwagika hadi kwenye kitambaa cha meza, uchungu umepungua, na harufu ni ya zizi kabisa! Mume wangu anasema nimwage zote. Nifanyeje?
Mama Wawili, Kirumba

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mwambie mwenzio akae mbali na hizo chupa.

Kosa lake nalijua kwa sababu nimelifanya. Nikiwa stoo ya hoteli moja hapa mjini nilimwaga tatu za namna hiyo nikidhani zimeoza. Mgeni mwenye mali nusura alie.

Bia zetu za kreti zikitoka kiwandani hazina tena hamira hai, kwa hiyo zikikaa zinachakaa tu. Orval ni kitu kingine. Wakati wa kujaza chupa wanaongeza sukari kidogo na hamira ya aina ya pekee, Brettanomyces. Huyo ni mlafi: anakula hata sukari ambazo hamira wa kawaida wameziacha, tena polepole, miezi na miaka. Ndiyo maana bia inazidi kuwa kavu, yaani utamu unaisha, gesi inaongezeka, na kilevi kinapanda kidogo juu ya ile asilimia 6.2 ya kwenye lebo. Manukato ya hopsi, yale maua yanayotia bia uchungu, uliyoyasikia Krismasi yanafifia, nafasi yake inachukuliwa na harufu ya ngozi na tandiko la farasi. Wabelgiji wenyewe wanabishana: wapo wanaoitaka changa, wapo wanaoitaka kuukuu. Mimi naipenda ya miezi sita hivi, uchungu ukiwa bado haujakata tamaa.

Usiifananishe na rubisi, pombe ya ndizi ya Bukoba, ambayo ukichelewa siku chache unakunywa siki. Tazama lebo: kuna tarehe ya kujazwa na tarehe ya mwisho, na kati yake ni miaka 5. Humo humo utamwona samaki na pete ya dhahabu mdomoni. Wanasimulia kwamba Mathilde wa Toscana, mwanamke mtawala wa zamani kule Italia, aliidondosha pete yake kwenye chemchemi ya pale Orval, akasali, samaki akamrudishia. (Pale soko la samaki la Mwaloni samaki angeuzwa pamoja na pete yake.) Kiwanda chenyewe kilianzishwa 1931 kutafuta fedha za kujenga upya abasia, yaani nyumba ya watawa, ya Orval.

Sasa, kosa lako wewe ni kabati. Karibu na bati, kwa jua letu la Oktoba, hamira anakimbia, na gesi unaiona kwenye kitambaa. Zinataka giza na nyuzi 10 hadi 15. Kwako hakuna sehemu hiyo, basi zisimamishe chini kabisa ya friji, kwenye droo ya mchicha. Zisimame, usizilaze, ili mashapo yatulie.

Utakapofungua, fanya juu ya sinki, legeza kizibo taratibu, mimina bila kusitasita, na uache kimo cha kidole kimoja, chenye mashapo, chini ya chupa. Sato wa kukaanga anaipatia sana. Mumeo mpe glasi bila kumwambia ni ipi.