Shali si ya baridi tu: jibu kwa dada anayetaka kuacha kufuma

Msomaji mmoja ameniandikia wiki hii. Anafuma skafu, na kazi yake ni safi, nimeiona kwenye picha. Baridi ikiingia oda zinamiminika, baridi ikiondoka simu inanyamaza. Sasa anafikiria kuuza sindano zake atafute shughuli nyingine. Dada yangu, usiuze chochote. Ujumbe wako umenigusa kwa sababu maneno unayojiambia leo, mimi niliambiwa na mtu mwingine, tena mbele za watu.

Alikuwa mwenye duka aliyekuwa akichukua shali zangu. Kipupwe kilipokwisha alinirudishia mzigo wote umekunjwa hovyo, matamvua yamesokotana, akasema, "Nani atajitanda sufu kwenye joto hili? Rudi mwakani." Wateja wake wakacheka. Ile mizigo niliibeba mwenyewe hadi nyumbani, na hadi leo nikikumbuka kile kicheko moyo unaniuma. Zilikuwa shali nzuri. Nilikuwa nimezifuma usiku, watoto wakiwa wamelala.

Nilichofanya baada ya hapo ni kuugeukia uzi. Watu hudhani msimu uko kwenye rangi: nyeupe ya kiangazi, kahawia ya baridi. Hapana. Msimu uko kwenye uzi na kwenye nafasi unazoziacha kati ya kitanzi na kitanzi. Sufu hupasha joto kwa sababu nywele zake zimejikunja na hushika hewa ndani yake. Tena hufyonza unyevu hadi karibu theluthi ya uzito wake kabla mvaaji hajahisi kuwa imelowa, ndiyo maana hata siku za manyunyu inafaa. Pamba hunyonya jasho na haishiki joto sana, ila ni nzito na haina mvuto wa kurudi: ukifuma shali kubwa ya pamba kwa ulegevu, uzito wake wenyewe utaivuta chini. Kitani huanza kikiwa kigumu mkononi hadi unakata tamaa, kisha kila kikifuliwa kinalainika. Hariri huteleza kwenye sindano, lakini hakuna uzi unaoanguka begani vizuri kama huo.

Akriliki siitukani, imefundisha wengi kufuma. Tatizo lake ni kwamba hainyonyi jasho, na ukiipitishia pasi ya moto inalegea na hairudi tena.

Basi nikaanza kufuma mitandio ya pamba iliyochanganywa na kitani. Uzi mwembamba, sindano za milimita 4 au 5, ambazo ni nene kuliko uzi wenyewe unavyotaka, ili mfumo ubaki na matundu na upepo upite. Na umbo nikabadilisha. Badala ya skafu ndefu nikashika pembetatu inayoanzia shingoni: unaanza na vitanzi vichache katikati, kisha unaongeza vitanzi 4 kila baada ya mistari 2, viwili kwenye kingo na viwili kwenye uti wa kati. Uzuri wake ni kwamba unasimama popote uzi unapoishia, na bado ni shali kamili. Wembamba haumaanishi udhaifu. Wafumaji wa Orenburg kule Urusi wanasifika kwa shali za manyoya laini ya mbuzi, nyembamba kiasi cha kupita ndani ya pete ya ndoa, na kwao baridi si ya mchezo.

Kiangazi kilichopita mitandio yangu iliagizwa kabla sijaikata nyuzi. Yule mwenye duka naye alimtuma mtu kuniulizia. Nilimjibu kwa adabu kwamba oda zimejaa, na zilikuwa zimejaa kweli. Nilifurahi, na sioni sababu ya kuficha.

Kwa hiyo dada, na nyote mnaofuma, anzeni na uzi. Nasema tena, anzeni na uzi. Kabla ya kuanza shali, fuma kipande cha sentimita 10 kwa 10, kifue vile mteja atakavyokifua, kikauke, ndipo ukipime. Wanaoruka hatua hii wanamuibia mteja, hata kama hawajui. Nunua uzi wote wa shali kwa mara moja na uangalie kwenye lebo kama madonge yote yalitiwa rangi pamoja, maana rangi ya jina lilelile hutofautiana, na tofauti huonekana mchana kweupe mgongoni kwa mtu.

Na usimpe mteja shali iliyotoka sindanoni moja kwa moja. Iloweshe, ikamue kwa kuibana ndani ya taulo bila kuinyonga, itandaze juu ya godoro, uivute na kuibana kwa pini hadi ikauke. Matundu yaliyokuwa yamejikunyata yatafunguka, na pembe zitanyooka. Sufu usiiloweshe kwenye maji ya moto wala kuisugua, itagandamana iwe nene na ndogo, na hapo hakuna dawa. Mweleze mteja hayo yote kwa maandishi, kwenye kikaratasi ndani ya mfuko, pamoja na jina la uzi na msimu unaofaa.

Picha ya kipande chako cha kwanza cha pamba nitumie. Nitaijibu.