Muulize Anko: Chura Wetu Kabadilishiwa Mkono

Toleo lililopita nilichomekea mstari mmoja tu kuhusu Muppets, wale vikaragosi wa tivi ya Marekani wanaovaliwa mkononi, kubadilishiwa wachezeshaji, nikajua umepita kimyakimya. Kumbe nimechokoza nyuki. Barua za safari hii karibu zote ni za hiyo ishu, kwa hiyo wale wenzangu wa mapenzi na madeni mtanivumilia, zamu yenu inakuja.

*Anko shikamoo. Mi nimekua na Kermit, yule chura wa kijani, yaani namjua kuliko baadhi ya binamu zangu. Juzi nimeangalia klipu mpya nikahisi kuna kitu hakijakaa sawa, sauti kama yake ila sio yeye. Nikawaambia wenzangu wakanicheka, eti mtu mzima unalilia kitambaa. Ni masikio yangu au kweli kabadilika? – Mpenda Chura*

Marahaba. Masikio yako mazima kabisa. Kermit kashapita kwa watu watatu. Wa kwanza Jim Henson mwenyewe, Mmarekani aliyemtengeneza mwaka 1955 kutoka kwenye koti kuukuu la mama yake, macho akayafanya kwa mpira wa pingpongi aliokata nusu kwa nusu. Henson alifariki ghafla tarehe 16 Mei 1990 akiwa na miaka 53, ndio Steve Whitmire akamchukua mpaka 2016, na tangu 2017 ni Matt Vogel. Kwa hiyo swali la kwanza ni we umekua na yupi, maana kuna watu wananiandikia hapa wanamlilia "Kermit orijino" afu ukipiga hesabu za umri wao unakuta huyo orijino wao ni Whitmire, yule yule ambaye mashabiki waliowatangulia walikuwa wanamwita feki. Sijawacheka. Nimecheka kidogo.

Ila kitu ulichokihisi nadhani sio sauti peke yake. Watu wanashikilia sauti, sauti, sauti, lakini hebu chukua soksi sasa hivi uvae mkononi. Dole gumba ndio taya la chini, vidole vinne ndio la juu. Fungua na ufunge, anaongea. Sasa rudisha ncha za vidole ndani kidogo kama unataka kukunja ngumi halafu umeghairi, unaona soksi ilivyonuna? Inamisha kiwiko mbele kidogo, soksi ina huzuni, na hujatoa hata neno. Basi Kermit ndio hivyo hivyo. Kichwani hana mashine yoyote, macho hayazunguki, nyusi hana, uso mzima ni kitambaa kilicholalia mkono wa mtu. Ule mdomo wake unaokunjamana kama kabugia ndimu, ule ambao ukiuona tu unajua Miss Piggy, yule nguruwe wa kike anayemganda, kashamvuruga, ni vidole vya Henson vile. Vogel anaweza kuisogelea sauti kwa mazoezi, tena anaisogelea vizuri tu, ila vidole ni vyake, urefu ni wake, na ile nusu sekunde ya kusita kabla ya kujibu kila mtu ana ya kwake. We jicho lako limeona uso mwingine kwa sababu kweli ni uso mwingine. Hao wanaosema unalilia kitambaa waambie kitambaa hakijaenda popote, aliyeondoka ni mtu.

*Anko mi nasema ukweli hata kama unauma. Huu ni ukosefu wa heshima. Mtu akifa na mhusika wake apumzishwe, basi. Kwa nini wanang'ang'ania? – Mkweli Asiyependwa*

Ndugu yangu Mkweli, nusu nipo na wewe. Hata wao wenyewe hawakurukia. Siku tano baada ya Henson kufariki kulikuwa na ibada ya kumuaga kwenye kanisa kubwa kule New York, na Big Bird, lile ndege la njano la Sesame Street, kipindi cha watoto cha Marekani, likasimama mbele za watu likaimba wimbo wa Kermit, ule wa kuwa kijani sio rahisi. Limesimama ndege, chura hayupo. Ukiiona na hujalia we ni jiwe. Kermit mwenyewe alirudi kwenye tivi Novemba 1990, kwenye kipindi cha kumuenzi Henson, tena anatokea mwishoni mwishoni. Na Rowlf, mbwa wa piano, ambaye naye alikuwa mkono wa Henson, walimwacha kimya miaka kadhaa kabla hawajampa mtu mwingine.

Lakini ile nusu nyingine sipo nawe. Chukua Elmo, naye wa Sesame Street. Huyu Elmo mwekundu wa kucheka kwa sauti nyembamba, watu wanadhani kazaliwa hivyo, wapi! Kabla ya hapo alikuwa na sauti nzito ya kukwaruza, akichezeshwa na Richard Hunt, na Hunt wala hakuwa anampenda, ndio stori maarufu ya siku alipomchoka akamrusha kwa kijana mmoja anaitwa Kevin Clash, kama unamrushia mtu taulo. Clash ndiye aliyempa kile kicheko. Kwa hiyo kama sheria ingekuwa mhusika asibadilishiwe mtu, Elmo unayemjua asingekuwepo kabisa, ungekuwa na kadubwasha kanakonguruma huko nyuma ya watu.

Na hii sio ya Wamarekani tu. Uingereza kuna kikaragosi cha dubu mdogo wa njano anaitwa Sooty, Harry Corbett alimnunua Blackpool mwaka 1948, mwanae Matthew akamchukua 1976, na mwaka 1998 akaja Richard Cadell ambaye sio hata wa ukoo. Kelele hazikuwa kubwa na mi nina nadharia yangu: Sooty haongei! Anamnong'oneza bosi wake sikioni, bosi anatuambia. Huna sauti ya kulinganisha, utalalamikia nini. Sasa nenda Japani kwenye bunraku, maigizo yao ya jadi ya vikaragosi, uone. Kikaragosi kimoja kinashikwa na watu watatu, mmoja miguu, mmoja mkono wa kushoto, mkuu wao anashika kichwa na mkono wa kulia. Kwa desturi unaanzia miguuni, wanasema miaka kumi, halafu mkono wa kushoto miaka mingine kumi, ndio uanze kufikiriwa kichwa. Watazamaji wanawaona kabisa wapo pale jukwaani. Hapo hakuna anayeshangaa mhusika kuishi kuliko mtu, wangeshangaa kinyume chake.

*Habari Anko. Swali fupi. Kermit alipobadilishwa 2017 watu waligombana mpaka basi, lakini Big Bird naye kabadilishwa na sikusikia kelele. Tofauti ni nini? – Mfuatiliaji*

Hili ndio swali lililonifurahisha kuliko yote. Kaa vizuri.

Caroll Spinney alikuwa ndani ya Big Bird tangu 1969. Na nikisema ndani namaanisha ndani, lile ndege lina urefu kama mita 2 na nusu, mkono wa kulia unaunyoosha juu ya kichwa chako kushika kichwa cha ndege na kucheza mdomo, mkono wa kushoto ndio bawa, halafu huoni nje, umefungiwa kidude cha tivi kifuani ndio unachotazamia. Jaribu kunyoosha mkono juu hivyo dakika tatu tu ukiwa unaongea na kucheka, afu fikiria mzee wa miaka zaidi ya themanini. Sasa tangu 1996 alikuwa na msaidizi wa kumshikia nafasi. Ilipofika 2015 mwili ukagoma, msaidizi akaingia ndani ya ndege na Spinney akabaki na sauti. Mwaka 2018 ndio mzee akastaafu rasmi. Yaani miaka zaidi ya ishirini ya kukabidhiana, mashabiki wamezoea taratibu, mzee mwenyewe wakati huo alikuwa hai anabariki, nani angepiga kelele?

Kermit ikawa vingine. Whitmire aliachishwa Oktoba 2016 na sisi huku nje tukaja kujua Julai 2017, tena yeye mwenyewe anasema hakutaka kuondoka. Disney, kampuni ambayo ndio yenye Muppets tangu 2004, wakasema ishu ni mwenendo wake kazini. Whitmire akasema alikuwa anamtetea mhusika. Watoto wa Henson wakatoka hadharani kuunga mkono abadilishwe. Mashabiki wakagawanyika kama familia kwenye mirathi, na mi sitakaa hapa nihukumu kikao ambacho sikualikwa.

Ila sasa sikia. Yule msaidizi wa Big Bird aliyepokelewa kwa makofi, na yule "mvamizi" wa Kermit aliyetukanwa, ni mtu mmoja. Matt Vogel. Huyo huyo, mkono ule ule. Huku kaingia akisindikizwa na mzee wake, kule kaingia mlango wa nyuma nyumba ikiwa kwenye ugomvi, ndio matokeo mnayaona. Kwa hiyo wengi wenu mnaoniandikia "yule jamaa hajui" mi nawasoma kama mnaosema "hatukuagwa". Hiyo naielewa kabisa, ila semeni hivyo basi, msimtukane fundi.

*Anko siku hizi kompyuta zinaiga sauti ya mtu yeyote. Si waweke tu sauti ya Henson yule yule, kesi iishe? – Kijana wa Teknolojia*

Kijana, umeisahau soksi. Sauti na mkono vinatoka kwenye mwili mmoja kwa wakati mmoja, ndio maana akicheka na mdomo unacheka, akikosea mstari akachomekea utani wake na uso unageuka palepale. Ukimpa mtu sauti ya mashine aifuate kwa vidole utapata mdomo unaomkimbilia marehemu. Na mi binafsi, sijui nyie, wazo lenyewe linanisimamisha nywele.

*Anko, mwanangu ana miaka minne na Elmo ndio dunia yake. Mi nasikia kabisa huyu wa sasa sio yule niliyekuwa namuangalia, kila akiongea nakunja sura. Mtoto hana habari. Nimwambie? – Mama Mwenye Masikio*

Dada, umwambie nini sasa! Clash aliondoka 2012, tangu 2013 ni Ryan Dillon, yaani mwanao hajazaliwa Dillon kashazeeka kwenye kazi. Kwa mtoto, huyu wa sasa ndio Elmo, we ndio mwenye kumbukumbu za feki. Acha kukunja sura tu, maana watoto wanasoma nyuso kuliko tunavyodhani, ataanza kuuliza mama kwani Elmo kakukosea nini.

Kama unataka kumuonyesha kitu mpe hiki: mwambie ahesabu wangapi kwenye hao vikaragosi ni mashoto. Wengi. Mchezeshaji yupo chini, mkono wake wa kulia, ule hodari, ndio upo kichwani unaongea, kwa hiyo unaobaki kushika vitu ni wa kushoto. Atakimbilia droo ya soksi, we mwache achague. Mkimaliza mniandikie soksi inaitwa nani.