Subira Inapokwisha Saa Tano Asubuhi: Kwa Mzazi Anayesomesha Nyumbani

Mama mmoja anayeishi Dallas ameniandikia wiki hii kwamba tangu aanze kumsomesha nyumbani mwanawe wa miaka 5 haipiti siku bila kumfokea, na kwamba ikifika saa tano asubuhi wote wawili wanalia, kila mmoja chumbani kwake. Ananiuliza mimi ninaipata wapi subira. Kwa kuwa swali hilo huulizwa na wengi wenu mnaolea watoto wadogo ughaibuni, nimeona nilijibu kwa kirefu.

Dada yangu, mimi sikuzaliwa na subira, na mama yangu aliyeko Tanga anaweza kutoa ushahidi. Subira niliyo nayo hapa Houston inatokana na kufupisha masomo. Nilipoanza darasa la kwanza tulibanana watatu katika dawati moja, na mwalimu wetu alihitaji asubuhi nzima ili azungukie madaftari, anyamazishe wachokozi na kumfikia yule wa nyuma kabisa. Wewe una mtoto mmoja, naye amekaa ubavuni mwako. Saa zile ndefu zilikuwa mahitaji ya darasa kubwa, na ukizileta mezani kwako utakuwa unajaza muda usio na kazi, na muda huo ndio unaojaa ugomvi.

Hata nyumbani Tanzania, kipindi cha darasa la kwanza na la pili ni dakika 30 tu. Charlotte Mason, mwalimu Mwingereza aliyefariki mwaka 1923, aliwataka wazazi wasizidishe dakika 20 katika somo moja la mtoto mdogo. Kwangu kusoma ni dakika 15, kuandika 10, hesabu 15, kisha tunafunga, hata kama mtoto anaendelea vizuri. Naam, hasa anapoendelea vizuri, ili kesho aje mwenyewe akiwa na hamu.

Jambo la pili linalowaharibia wengi ni hofu ya serikali, ambayo huwafanya wamsukume mtoto kana kwamba mkaguzi yuko mlangoni. Katika Texas, jimbo letu wewe na mimi, mkaguzi huyo hayupo. Mwaka 1994 Mahakama ya Juu ya jimbo ilithibitisha kwamba shule ya nyumbani huhesabiwa kuwa shule binafsi, nayo sheria inadai kusoma, tahajia, sarufi, hesabu na uraia mwema, bila kutaja idadi ya saa wala mtihani. Tena wajibu wa kusoma huanza mtoto akiwa na miaka 6. Sasa unamfokea mtoto wa miaka 5 kwa ajili ya nani?

Kusoma tulianza kwa Kiswahili, na hilo ninalishauri kwa nguvu zangu zote. Mtoto akishazijua silabi zake, ba, be, bi, bo, bu, anaweza kusoma karibu kila neno analolikuta, na furaha hiyo humbeba anapofikia Kiingereza, ambacho maandishi yake hayaaminiki. Binti yangu alikwama sana kwenye ng'ombe na ng'ambo. Kila nilipohisi sauti yangu inapanda, niliinuka nikaenda kuosha vyombo, na somo likaishia hapo hapo. Hatukulirudia siku ile. Hesabu tulifanya kwa vifuniko vya soda: kumi huingia kwenye kopo, vinavyobaki hukaa nje, naye akaona kwa macho yake kumi na tatu ni nini kabla sijaiandika.

Wapo watakaokucheka. Wifi yangu mmoja alitangaza mbele ya watu, tena harusini, kwamba ninawafanya watoto wa kaka yake kuwa mazuzu. Sijalisahau neno lile, wala sitajifanya nimelisahau. Mwaka huu binti yangu alimsomea bibi yake barua nzima kwa simu, kwa Kiswahili, pasipo kukwama, na wifi alikuwa amekaa pale pale akisikiliza. Hakusema kitu. Nami nilinyamaza, ingawa maneno nilikuwa nayo tele.

Kwa hiyo wazazi wenzangu, acheni kuwapima watoto wenu kwa picha ambazo wengine huwatumia jamaa zao. Mtoto hakuombi uwe mwalimu wa ajabu. Anakuomba uwe umelala usiku na umekunywa chai yako. Hamasa nayo haiwezi kutoka kwa mtu ambaye hasomi chochote. Nendeni maktaba ya umma pamoja nao, na kila mmoja, mzazi akiwemo, atoke na kitabu chake. Fupisheni masomo. Nasema tena, fupisheni.

Umeniuliza pia kama umpeleke shule Januari. Shule ya serikali ya eneo lako itampokea, na ikitaka kujua amefikia wapi itampima. Kumpeleka si aibu, na asikudanganye mtu. Ila usiliamue jambo hilo katika wiki ambayo hujalala. Jaribu kwanza ratiba fupi hadi mwisho wa mwezi, halafu kaa na mumeo mlizungumze jioni, mtoto akiwa amelala. Ukiona kelele zimebaki vile vile, mwandikishe.